Siku Kumi na Mbili Bila Dawa ya Kupuliza

Jumamosi ile, Sadrack mume wangu alivaa masque dakika mbili tu, akaivua. Ilitakiwa aivae dakika kumi.

Ni masque ya mpira, yenye vichujio viwili kwenye mashavu, inafunika pua na mdomo. Mtu akishaivaa anapanda ngazi sita na kushuka, anapanda na kushuka, mpaka daktari aseme basi. Asiyeweza hapati contrat, mkataba wa kazi, kwa sababu kazi yenyewe ni kwenye mashine ya kusaga mawe, na pale vumbi haliruhusu mtu kukaa uso wazi. Wenzake wanne walimaliza. Yeye alifika dakika ya pili, hewa ya puani ikakosekana, akavuta kwa mdomo, akakohoa, akaona kama anazama, akaing'oa.

Daktari hakumkaripia. Alimmulika puani kwa tochi, akasema:

"Puwa yako imefungwa sawa mulango ya duka siku ya Mungu. Rudia kisha siku kumi na mbili, Alhamisi. Ukishindwa tena, naita mwengine. Batu benye kungoja nafasi yako beko mingi."

Mimi nilikuwa nangoja nje ya geti. Alinieleza hayo tukitembea, na alikuwa akiongea kama mtu aliyefunikwa mto usoni. Maneno yote yenye "n" na "m" yalikufa kabla ya kutoka. Nilikuwa nahesabu siku, na nilikuwa naangalia mikono yake. Miaka saba mikono hiyo ilishuka kwa kamba kwenye mashimo ya kobalti. Mara mbili walimtoa huko kwa kumfukua. Mara ya pili aliniapia kwamba harudi tena chini, lakini mtu anaapa akiwa na kazi nyingine mbele yake. Alhamisi ikipita vibaya, nilijua Ijumaa atatafuta kamba ya kushukia.

Kabla hatujafika nyumbani alisimama kwa yule muuzaji wa dawa anayezunguka sokoni na kikapu, akanunua chupa mpya ya dawa ya kupuliza puani.

"Ile ingine iliisha leo asubuhi," akasema. "Nilitikisa, ikalia bure. Ingekuwa hata na matone mbili, ningepita."

"Iliisha upesi," nikasema.

"Banaweka mayi ndani, hawa batu. Bezi."

Chupa ile niliijua vizuri. Sadrack alianza kuipuliza baada ya Pâques, sikukuu ya Pasaka, mvua ilipokatika na camions za mizigo zikaanza kutuletea vumbi la barabara yote ndani ya nyumba. Siku ya kwanza ilikuwa ajabu. Alipuliza, akakaa, akasema, "Ndaya, nasikia harufu ya sabuni yako!" Akanifuata nyuma ya nyumba akinusanusa kama mbuzi, tukacheka. Wakati ule ilikuwa mara mbili kwa siku. Sasa tulikuwa mwezi wa nane. Chupa ilikaa kwenye dirisha dogo la koridoni, nyuma ya pazia, na kila asubuhi nilikuwa naishika, naitikisa karibu na sikio nijue imebaki kiasi gani. Nilikuwa nimeona kwamba hesabu haikubali. Mlio wake niliusikia mara nane kwa siku, lakini dawa ilishuka kama ya mara kumi na tano. Nilidhani inavuja.

Nilimwambia, "Kabla hujapuliza hii mpya, twende kwa tata René."

Tata René ni infirmier, muuguzi wa dispensaire ya karibu na sisi, hapa mtaani Kapata. Ni mtu mnene, mwenye subira, anayeandika kila kitu polepole.

"Unapuliza tangu siku gani?"

"Tangu Pâques, tata."

"Pâques ya mwaka huu?"

"Ya mwaka huu."

Tata René akaweka kalamu chini. "Tata Sadrack, hii ni dawa ya siku tatu. Tano, kama umezidiwa sana. Weye umefika miezi ine! Mara ngapi kwa siku?"

"Sita."

"Nane," nikasema.

Sadrack akanigeukia. "Unanihesabiaka?"

"Nasikiaka tu."

"Huyu njo bibi muzuri," tata René akasema, akicheka. Kisha akaacha kucheka. "Sikia. Vumbi inaingia, nyama ya mu puwa inavimba. Unapuliza, inanywea, unapumua. Lakini dawa ikiisha nguvu, nyama inavimba tena kupita pa mwanzo. Unapuliza tena. Mwezi ya kwanza vumbi njo ilikuwa inakufunga. Sasa ni chupa."

"Lakini inafunguaka, tata."

"Inafungua, ndiyo. Kisha inafunga nguvu zaidi. Acha leo. Haina kesho, leo. Siku ya kwanza mpaka ya tano utaniita mulozi, muchawi. Kisha itaanza kuachilia."

Alimpa chupa nyingine, ya aina tofauti, akamfundisha: mara moja kila tundu, asubuhi tu, kichwa kiinamishwe kidogo, usivute kwa nguvu. "Hii haifungue leo. Ni ya polepole. Usiikasirikie." Akaniambia mimi niandae maji ya chumvi ya kuosha pua: maji yachemke kwanza, yapoe, ndipo yaingie. Kijiko kidogo cha chai kwa nusu lita. Akanipa bomba la sindano, bila sindano yenyewe. "Na kila mutu na chupa yake. Dawa ya puwa haigawanywe sawa chumvi ya jirani."

Tulipotoka, niliichukua ile chupa mpya ya kikapu kutoka mfukoni mwa Sadrack. Aliniachia, lakini vidole vyake vilichelewa kufunguka.

Nyumbani mama yangu, mama Mbuyu, alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga sombe, majani ya muhogo. Yeye anaishi nasi tangu mvua zilizopita. Kasulo, alikokuwa akikaa, majirani walichimba chini ya nyumba zao mpaka sakafu yake ikapasuka katikati, na siku moja kiti kikaingia mguu mmoja ardhini akiwa amekikalia. Alikuja na magodoro mawili na mbabula yake, jiko la makaa. Nilifurahi kuwa naye. Lakini nyumba ya vyumba viwili ina shida, kwa sababu ya buko.

Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kuepukana. Hawashikani mkono. Hawali pamoja. Hakuna anayekalia kiti cha mwenzake wala kugusa kitu chake cha mwilini. Maneno yanapita kwa mtu mwingine, na mtu mwingine ni mimi. Sadrack akirudi nyumbani anakohoa mlangoni, mama anaingia chumbani kwake, anavuta pazia. "Ambia mama yako, mulango ya inje inataka mafuta." "Ambia bwana yako, mi nilishaitia jana." Wako hatua tatu, wanasikilizana vizuri kabisa, na mimi nasimama katikati narudia kila neno kama mjinga. Koridoni ndipo mahali pekee wote wawili walipopita, kila mmoja kwa saa yake.

Nilimweleza mama habari za masque, za Alhamisi, na za dawa ambayo sasa imekatazwa.

"Dawa gani?"

"Ile ya pa dirisha."

Mchi ukasimama hewani. "Ile haikuwa yako?"

"Hapana, mama. Ni ya Sadrack. Njo iliisha leo asubuhi, akaenda kule na puwa imefungwa."

"Aa," mama akasema. Akaendelea kutwanga. Alitwanga sombe ile mpaka ikawa karibu maji.

Chupa niliificha ndani ya gunia la makaa, chini kabisa. Nilisema moyoni kwamba Sadrack hawezi kutafuta dawa kwenye makaa. Kwa nini sikuitupa? Ilikuwa mpya. Mtu aliyekua kama mimi hatupi kitu kipya.

Siku ya kwanza, Jumapili, nilikosea chumvi. Sikuwa na kijiko cha chai, nikatumia kile cha kupakulia, nikasema nitajaza nusu. Sadrack aliinama uani juu ya beseni, akageuza kichwa pembeni kama tulivyofundishwa, nikasukuma bomba. Aliruka.

"Mama yangu! Unaniua! Ndaya, unataka kuniua, upate mwengine!"

"Simama, ni chumvi tu."

"Ni pilipili! Macho yangu iko wapi?"

Nyuma ya pazia la dirisha sauti ya mama ikatoka, taratibu: "Ndaya. Onja ile mayi."

Nikaonja. Nikatema.

"Ikiwa sawa machozi, ni muzuri. Ikipita machozi, ni ya kupika samaki. Anza upya."

Nilianza upya. Nilionja mpaka ikawa kama machozi, na ikaingia upande mmoja ikatoka upande mwingine, nyekundu kama barabara yetu. Sadrack aliangalia ndani ya beseni kwa heshima. "Hii yote ilikuwa mu kichwa yangu?" Lakini baada ya nusu saa pua ilikuwa imefungwa tena.

Siku ya pili na ya tatu zilikuwa mbaya. Alikaa ukutani, mdomo wazi, midomo imekauka. Bukari, ugali wetu, alikula kama anameza mawe, kwa sababu huwezi kutafuna na kupumua kwa mdomo huo huo. Alinifuata nyuma, "Ndaya, mara moja tu, upande moja tu." Nilisema hapana. Alisema mimi nina moyo wa polisi. Alisema heri shimo, shimoni angalau mtu anajua kwa nini anakosa hewa. Neno hilo liliniuma, sikumwonyesha.

Lakini kulikuwa na jambo lingine, na nililiona kwa sababu mimi huwa naangalia. Siku hiyo hiyo ya Jumapili mama naye aliacha kusema "n". Aliniita "Daya". Alikaa karibu na mbabula, mdomo wazi, kichwa kimeegemea ukuta, kama vile Sadrack alivyokaa upande wa pili wa ukuta huo huo.

"Mama, unaumwa?"

"Ni vumbi."

Vumbi lilikuwepo juma lililopita pia, na juma lile alikuwa akiimba. Nikakumbuka mchi uliosimama hewani. Nikakumbuka mara nane ambazo zilikuwa kumi na tano. Mama alikuwa ananiona kila asubuhi nikitikisa chupa karibu na sikio, akadhani ni yangu. Angeniuliza nini? Dawa ya mtoto wake, mama anachukua kidogo, hasumbui mtu. Na Sadrack asingeweza kumwambia kwamba ni yake, kwa sababu hawasemeshani. Miezi yote hiyo mume wangu na mama mkwe wake walikuwa wanaingiza puani kichupa kimoja.

Nilikaa chini. Kwetu mtu anaona haya akigusa tu kiti cha mkwe wake. Hili halina hata jina.

Sikusema. Nilijiambia kwamba mama akijua kuwa najua, atapanda camion ya kwanza kwenda Dilolo kwa kaka yake, na Sadrack akijua, atatoka nyumbani, na mtu aliyetoka nyumbani akiwa na haya na pua imefungwa, haonekani tena kwa daktari. Nilihitaji siku tisa tu za kimya.

Siku ya tano, asubuhi, tundu la kushoto la Sadrack lilifunguka. Aliniita, akaziba la kulia kwa kidole, akavuta hewa. Ilipita ikilia kama filimbi mbovu, lakini ilipita. "Unasikia? Unasikia, Ndaya?" Alikuwa na furaha kama mtoto. Nilikimbia kwenda kumwambia mama. Alikuwa anawasha mbabula, na aliniambia, "Mungu aksanti," na "n" yake ilitoka safi kabisa.

Nikamwangalia usoni. Kando ya tundu la pua, upande wa kulia, palikuwa na doa jeusi la makaa, dogo, la duara, kiasi cha ncha ya chupa niliyoificha guniani.

Niligeuka nikaenda kuchota maji. Njiani nilijisemea kwamba ningepaswa kuichukua chupa ile na kuitupa chooni. Lakini nilimwona mama akiwa ameegemea ukuta siku nne, mtu wa miaka sitini na tatu aliyepoteza nyumba, na mkono wangu ukakataa. Nilisema, yeye havai masque. Mwache apumue. Hilo ndilo kosa langu, na ni kubwa kuliko lile la chumvi.

Siku ya saba nilirudi kutoka bombani na ndoo kichwani, nikamkuta Sadrack koridoni. Alikuwa amesimama mbele ya dirisha dogo. Mkononi alikuwa na chupa ya kikapu. Ncha yake ilikuwa chini ya pua.

Mama alikuwa ameisahau pale. Miezi minne mkono wake ulikuwa unairudisha dirishani, na siku ile ulirudisha wenyewe.

"Ni weye uliweka hii?" akaniuliza. Alisema polepole, na sauti hiyo ilinitisha zaidi. "Nateswa siku saba. Nashinda. Jana nililala nimefunga mdomo. Leo nakuta hii hapa, inanichekea. Unanipima? Ao unataka nishindwe?"

"Sadrack, haina mimi."

"Nani basi? Chupa ilitembea?"

Ndoo ilikuwa bado kichwani, maji yananidondokea begani. Kama ningesema "ndiyo, ni mimi," mambo yangeisha pale. Nilifungua mdomo niseme hivyo.

Upande wa pili wa pazia, mama akaanza kuongea. Hakuongea na Sadrack. Hakuongea na mimi. Aliongea na mbabula yake, iliyokuwa imebaki kwenye mlango wa chumba.

"We mbabula," akasema. "Ambia ule tata, bibi yake hana makosa. Ambia yeye, kuko mumama mumoja muzee, mupumbavu, aliona chupa pa dirisha, akafikiri ni ya mutoto yake. Akapuliza. Siku ya pili akapuliza tena. Ile asubuhi ya masque, matone ya mwisho, ni ule mumama njo alimaliza. Ambia yeye vile, mbabula. Na kisha alijua ni ya nani, na akapuliza tena siku tatu hizi, sababu puwa yake ilikuwa inalia. Ambia yeye, ule mumama anafunga bintu byake."

Sadrack alibaki na chupa hewani. Kwanza aliitazama ile ncha. Kisha akaishusha mbali na uso wake, polepole, kama mtu anayeshika nyoka kwa mkia. Akaiweka chini. Akatoka.

"Sadrack!"

Hakugeuka. Nilitua ndoo, nikafika barabarani, camion ilikuwa inapita, vumbi likamfunika, na lilipotua hakuwepo. Nikarudi. Mama alikuwa anakunja vitenge.

"Mama, usiende."

"Nitabakia namna gani? Nilichukua kazi yake nikaingiza mu puwa yangu."

"Akirudia akakuta umeenda, atasema ni yeye alikufukuza. Hataweza kuvaa kitu chochote usoni. Ngoja mpaka Alhamisi, njo uende."

Hilo lilimshika. Aliacha vitenge nusu vimekunjwa.

Sadrack alirudi saa tisa mchana. Alikohoa mlangoni kama kawaida. Chini ya kwapa alikuwa na kuku jike mweupe, miguu imefungwa, na kwenye mkono mwingine kitenge kipya ndani ya plastiki. Alipita mpaka mlango wa chumba cha mama, akachuchumaa mbele ya mbabula, mgongo umegeukia pazia.

"Mbabula," akasema, na mimi nilishika mdomo wangu nisicheke, maana uso wake ulikuwa wa kanisani. "Ambia mama, muzazi wa bibi yangu, kuku hii ni ya kufuta ile haya. Mi njo niliacha bintu byangu pa njia ya bazazi."

"Mbabula, ambia yeye, apana! Ni mimi nilikamata ya kwake. Kuku itoke kwangu."

"Muzazi halipake mutoto."

"Mwizi njo analipaka!"

"Mbabula, ambia yeye asijiite mwizi mu nyumba yangu!"

"Mbabula, ambia yeye asinipandishie sauti!"

Kuku akapiga kelele. Ndipo mama akacheka. Nilimsikia nyuma ya pazia, kicheko cha puani, kimekwama. Sadrack akainamisha kichwa, mabega yakatikisika. Walicheka hivyo, mmoja huku mmoja kule, hakuna aliyemwona mwenzake. Mkono wa mama ukatoka chini ya pazia, ukachukua kitenge. Kuku yeye alikwenda kwa majirani, kwa sababu kwa desturi ya buko wao wawili hawakuruhusiwa kumla, na mimi peke yangu ningechukua juma zima.

Chupa ya kikapu niliimwaga chooni mwenyewe, nikaponda plastiki kwa jiwe. Siku iliyofuata nilimpeleka mama kwa tata René. Aliandika, akaweka kalamu chini, akauliza, "Na huyu tangu Pâques?"

"Tangu kidogo kisha Pâques," mama akasema.

"Nyumba yenu iko na puwa ngapi zingine?"

Alimpa chupa yake ya polepole, yenye jina lake juu ya karatasi.

Zilibaki siku nne. Mama sasa aliongoza. Alinituma nikate majani ya eucalyptus na sinda, yaani mchaichai, nyuma ya shule, akachemsha sufuria mbili. Aliweka moja upande huu wa uani, moja upande ule, na vigoda viwili vimepeana mgongo. Sadrack akajifunika shuka, mama akajifunika shuka lake, kila mmoja na mvuke wake. Aliniagiza niwaambie wasisogeze uso karibu, mvuke ni wa kunusa, si wa kuiva. Ilikuwa mara ya kwanza wao kukaa uani pamoja. Jirani mmoja alichungulia juu ya ukuta, akaona mizimu miwili inatoa moshi, akaondoka bila kusalimia.

"Ndaya," shuka la kushoto likasema, "uliza bwana yako, upande wa kuume unasema nini?"

"Ambia mama, unaanza kulia."

"Ambia yeye, wangu haujaanza. Ananipita."

Nilimwaga maji uani kabla ya kufagia, asubuhi na jioni. Nilining'iniza kitambaa chenye maji dirishani, kila jioni kilikuwa chekundu. Chumvi niliipima kwa ulimi. Na mama, aliyekuwa siku ya nne tu ya mateso yake, alikaa mdomo wazi na hakuomba kitu. Nilijua kwamba anashindana, na nilijua anashindana na nani.

Alhamisi nilimsindikiza Sadrack. Tulitembea pembeni, mbali na camions, amefunga kitambaa chenye unyevu usoni. Alipuliza ile ya polepole mara moja kila tundu, hakuongeza. Kwenye geti alinipa kitambaa, akaingia.

Nilikaa juu ya tofali. Walinzi walikuwa wanaongea habari za mpira. Nilihesabu dakika kumi kwa kupumua, nikapoteza, nikaanza tena. Mlango wa nyumba ya daktari ulikuwa na kioo cha ukungu, na kivuli kilikuwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka. Kilisimama. Nikasimama. Kikainama, mikono magotini, nikasema moyoni, imeisha. Kisha kikapanda tena.

Alipotoka alikuwa amelowa shati lote.

"Dakika kumi na mbili," akasema. "Munganga alipigiwa telefone, akanisahau. Nilikuwa napanda tu. Nikajisemea, huyu anataka nife na contrat mu mukono."

"Na puwa?"

"Kule juu, dakika ya nane, ule wa kuume ulitaka kufunga. Nikapunguza mwendo. Ukanihurumia." Akakamua shati. "Ninaanza siku ya kwanza ya juma. Kisha miezi tatu, arudie kuniangalia."

Nilitaka kulia, nikatoa telefone niwapigie nyumbani, kwa jirani ambaye mama alikuwa amekaa kwake akingoja tangu asubuhi. Mama alishika kabla haijalia mara mbili.

"Ndaya? Sema."

Nilifungua mdomo. Sadrack akanyoosha mkono, akachukua telefone kutoka sikioni mwangu. Sikumkumbusha buko. Aliitazama kwanza, akaiweka kwenye sikio lake.

"Allô, mama," akasema.

Nilikuwa karibu, nilisikia mpaka kuku za jirani.

"Ni nani?" mama akauliza, ingawa alijua.

"Ni mi, Sadrack. Nilivaa mpaka mwisho."

Nilidhani amekata. Kisha sauti yake ikaja, nzito, ya mtu anayepumua kwa mdomo:

"Pumua, nisikie."

Sadrack akafunga mdomo. Akaweka telefone chini ya pua, pale kwenye geti, mbele ya walinzi walioacha habari za mpira wakimtazama, akavuta hewa taratibu, akaitoa, akavuta tena.